Homa ya malaria haiji na mdudu, mwili ndio unaoiwasha: uzi kuhusu kinga na moto wake

#1 Mpima Damu

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kushinda kwenye darubini. Juzi nilikuwa nasoma slaidi ya tone nene, imepakwa rangi ya Giemsa kama kawaida, nikakutana na kitu ambacho huwa nakipita kila siku bila kumweleza mtu: chembe nyeupe kubwa, kiini kimejikunja kama figo, na ndani yake punje za kahawia iliyokolea, mfano wa masizi. Vimelea vyenyewe kwenye slaidi ile vilikuwa vya kutafuta. Lakini yale masizi yalitosha kuniambia kwamba vita vimepiganwa hapo, na huyu askari amekula mabaki ya adui. Mwenye damu yake alikuwa benchi la nje, kajifunika shuka, anatetemeka na jua linawaka.

Karibu kila mtu humu ameugua malaria au ameuguza, ila ukiuliza homa inatoka wapi utajibiwa "ya wadudu". Hapana. Mdudu wa malaria hatoi joto. Joto ni la kwako, umeliwasha mwenyewe, na ukilielewa hilo mambo mengi ya ugonjwa huu yanafunguka.

Tuanze mwanzo, nitapita haraka. Mbu jike wa Anopheles akikutoboa anakuachia vimelea makumi tu, mara chache mamia. Vinakimbilia kwenye ini, kila kimoja kinajifungia ndani ya seli moja na kuzaana. Kwa Plasmodium falciparum, ambaye ndiye muuaji mkubwa, hatua hiyo huchukua kama wiki moja. Unakula, unacheka, unapiga kazi. Hakuna homa wala kichwa kuuma, na bado kila seli ya ini iliyovamiwa inaandaa watoto makumi ya maelfu.

Wakishatoka kwenye ini wanaingia kwenye chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Ndani ya chembe kimelea kinakula himoglobini. Katika kula huko kinabaki na hemu, sehemu yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwake. Kinaigandisha iwe fuwele ngumu iitwayo hemozoini. Ndiyo yale masizi yangu. (Klorokwini ilikuwa inaua kwa kuvuruga ugandishaji huo, kimelea kinakufa kwa uchafu wake chenyewe.) Baada ya saa 48 chembe inapasuka, wanatoka vimelea wapya 16 hadi 32, kila mmoja anasaka chembe yake.

Kupasuka huko ndiko kunakomwaga taka zote kwenye damu kwa mpigo: hemozoini, hemu, vipande vya DNA ya kimelea, na mafuta-sukari yanayoshikilia protini zake. Monositi na makrofaji, ambao ni walinzi wa doria, wana vipokezi vya kutambua taka za namna hiyo. Hawajui hii ni malaria. Wanachojua ni kwamba kitu hiki hakipaswi kuwa hapa. Wanapiga king'ora kwa kumwaga saitokini, yaani protini za kupeleka taarifa: TNF, interlukini-1, interlukini-6. Hizo zikiifikisha taarifa kwenye haipothalamasi ya ubongo, inatengenezwa prostaglandini, na kipimajoto cha ndani kinapandishwa.

Hapa ndipo penye siri ya kutetemeka. Ubongo umeamua joto sahihi sasa ni 40, wakati mwili uko 37. Kwa hesabu hiyo wewe ni mtu aliyepigwa baridi. Mishipa ya ngozi inabana, misuli inatikisika kutengeneza joto, unadai blanketi la tatu. Ukifika 40 baridi inaisha, unabaki unaungua. Kipimo kikirudishwa chini, mwili unajikuta umezidisha joto, unamwaga jasho mpaka godoro linalowa. Parasetamoli inapunguza homa kwa sababu inazuia ile prostaglandini. Kimelea haikigusi hata kidogo.

Daktari wa Italia, Camillo Golgi, aliligundua hili mwaka 1886: homa inapanda pale chembe zinapopasuka kwa pamoja. Ila tahadhari, kwa falciparum vimelea mara nyingi haviendi kwa hatua moja, kwa hiyo ukisubiri homa ya siku mbili mbili kama ya vitabuni unaweza kusubiri mpaka upoteze fahamu.

Nikipumzika nitaendelea. Ulizeni.


#2 Kisiki cha Mpingo

Naweka kambi hapa. Mkuu, usitukimbie.


#3 Bintimaji

Asante kwa darasa. Swali langu: kama walinzi wameshapiga king'ora, kwa nini wasiue wote siku hiyo hiyo? Mafua yanaisha kwa wiki. Malaria tunaambiwa usipotibiwa unaweza kwenda. Kinga inashindwa wapi?


#4 Mpima Damu

Dada Bintimaji, swali zuri, na jibu lake ni refu.

Seli nyingi za mwili zikivamiwa zinatundika vipande vya mvamizi nje ya ukuta wake, kama mtu anayeweka kitambaa dirishani kuonyesha kwamba ndani kuna mwizi. Seli T za kuua, aina ya chembe nyeupe, zinapita, zinaona kitambaa, zinabomoa nyumba nzima. Seli ya ini inaweza kufanya hivyo. Chembe nyekundu haiwezi. Ilipokomaa ilitupa kiini chake ili ibebe himoglobini nyingi zaidi, na haina mitambo ya kutundika kitambaa. Kwa hiyo kimelea kimechagua nyumba isiyo na madirisha.

Basi kinga inageukia kingamwili, zile protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe nyingine, seli B. Hizi zinaweza kumshika kimelea katika sekunde chache anapotoka chembe moja kwenda nyingine, au kuishika chembe iliyovamiwa yenyewe. Kwa nini ishikike? Kwa sababu kimelea kina tatizo lake: bandama.

Bandama ni kama geti lenye nyufa nyembamba sana. Damu inapita humo, chembe yenye afya inajikunja na kuteleza. Chembe yenye kimelea kilichokomaa ni ngumu, haijikunji, inakwama na makrofaji wanaila. Kuna wakati bandama hukamua kimelea peke yake na kuirudisha chembe barabarani ikiwa hai. Kila nikikumbuka hilo nashangaa upya. Ndiyo maana bandama huvimba kwa malaria ya mara kwa mara, imelemewa na kazi.

Falciparum amepata njia ya kulikwepa geti. Anapeleka protini iitwayo PfEMP1 kwenye uso wa chembe, inatokeza kama vifundo, na kwa vifundo hivyo chembe inajibandika kwenye kuta za mishipa midogo: kwenye ubongo, mapafu, utumbo, kondo la nyuma. Haizunguki tena, haifiki kwenye bandama. Sisi wa maabara ndiyo maana kwenye slaidi ya falciparum tunaona zaidi vimelea vichanga, vile vya umbo la pete. Wakubwa wamejificha pembezoni, hawaonekani kwenye tone la kidoleni.

Vifundo hivyo vinaonekana na kinga, na kingamwili hutengenezwa dhidi yake. Tatizo ni kwamba kimelea kina jeni takriban 60 za kutengeneza vifundo vya aina tofauti, na hutumia moja kwa wakati. Ukimaliza kushona kingamwili za kanzu ya kijani, wachache wameshavaa ya bluu, na hao ndio wanaozaana. Ukivuka kwenda kwa kimelea wa mtu mwingine, sanduku la nguo ni jingine kabisa.

Na wingi nao. Watu wanacheka wakiambiwa "una wadudu watano". Tuhesabu. Nikiona vimelea 5 kwa kila chembe nyeupe 200, na tunakadiria chembe nyeupe 8,000 kwa kila mikrolita, hiyo ni vimelea 200 kwa mikrolita. Mtu mzima ana damu kama lita 5, yaani mikrolita milioni 5. Zidisha. Wadudu bilioni moja, na hapo sijawahesabu waliojibandika.


#5 Jicho la Tatu

Mleta uzi, marekebisho kidogo kwa heshima. Hilo la "nyumba isiyo na madirisha" ni kweli kwa falciparum kwenye chembe zilizokomaa. Plasmodium vivax hupenda chembe changa, retikulositi, na hizo bado zina mabaki ya mitambo ya kutundika kitambaa. Kuna utafiti wa Brazili uliochapishwa 2018 ulioonyesha seli T za kuua zikizitambua na kuziua retikulositi zenye vivax. Usiwafunge watu kwenye kanuni moja.


#6 Mpima Damu

Nimepokea, mkuu. Nilikuwa na falciparum kichwani nikaandika kama vile malaria ni moja. Ziko spishi tano zinazowapata binadamu, na vivax ana tabia yake nyingine mbaya: baadhi yake hulala kwenye ini na kuamka wiki au miezi baadaye.


#7 Msafiri wa Usiku

Mimi nina malalamiko na kinga yangu mwenyewe. Nimekulia sehemu yenye malaria ya kutosha. Utotoni nililazwa mara sizihesabu, lakini kuanzia kama miaka kumi na miwili ikawa kichwa kuuma tu, nakunywa dawa naendelea na mpira. Nikawa najiona sugu. Nikaondoka, nikaishi miaka sita sehemu isiyo na ugonjwa huo. Niliporudi nikalala bila chandarua, nikajisemea "mimi mwenyeji". Siku ya kumi na tatu nimebebwa mgongoni. Siku mbili sikumbuki kitu. Wenzangu niliolala nao chumba kimoja hata mafua hawakupata.

Kinga yangu ilikwenda wapi? Na wale wenzangu hawakung'atwa?


#8 Mpima Damu

Pole sana ndugu. Wenzako waling'atwa, tena inawezekana kabisa ukiwapima baadhi yao utawakuta na vimelea wakiwa wamesimama wanapiga soga.

Kwanza tujue kwamba kinga ya malaria si kama ya surua, ukiugua mara moja basi. Hujengwa pole pole, miaka, kwa kuugua na kuugua tena, na haifiki pa kuzuia kimelea kuingia. Inakuja kwa ngazi. Ngazi ya kwanza mtoto anaacha kupata ile malaria kali ya kuua. Hiyo huja mapema. Baadaye anaacha kupata homa kila akiambukizwa. Mwisho, ukubwani, vimelea vyenyewe vinakuwa vichache.

Ushahidi kwamba kingamwili zina kazi kubwa upo tangu 1961. Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wa Gambia waliokomaa kwa malaria, wakawachoma sindano yake watoto wagonjwa. Vimelea vya damuni vikashuka sana. Mwaka 1991 jambo hilo likarudiwa kwa kingamwili za watu wazima wa Afrika kupewa wagonjwa wa Thailand, na zikafanya kazi huko pia. Kwa hiyo pamoja na kanzu 60 zote, kuna vitu ambavyo kimelea hawezi kuvibadilisha ovyo.

Ila kingamwili ni nusu ya habari, na hii nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi. Kuna kitu kinaitwa kizingiti cha homa. Mgeni ambaye hajawahi kuugua anaweza kupandisha homa vimelea vikiwa vichache kiasi kwamba mimi sijaviona kwenye darubini. Mtoto aliyezoea anaweza kuwa na maelfu kwa mikrolita na bado anacheza. Vimelea ni vilevile, taka zinazomwagika ni zilezile. Kilichobadilika ni walinzi. Wameshausikia mlango huo ukigongwa mara nyingi, hawapigi tena king'ora cha kuamsha mji. Monositi zinapunguza TNF, zinatoa zaidi interlukini-10, saitokini ya kutuliza. Seli T za kusimamia nidhamu zinaongezeka.

Mwili uliokomaa kwa malaria ni mwili uliojifunza kupigana kwa kiasi. Wa kwako ulisahau kiasi. Bila kukumbushwa, seli zinazotengeneza kingamwili hizo nyingi hufa mapema, na ule utulivu nao unayeyuka. Umerudi na kumbukumbu za mwenyeji kichwani lakini damu ya nusu mgeni. Nasema nusu kwa sababu waliokulia kwenye malaria wakiondoka huwa hawarudi sifuri kabisa. Lakini huo si mtaji wa kulalia nje ya chandarua.


#9 Kisiki cha Mpingo

"Damu ya nusu mgeni." Nimecheka halafu nikaacha, maana na mimi nina miaka minne sijarudi.


#10 Mama Wawili

Nimesoma yote kimya kimya, sasa naomba niseme langu. Mwanangu wa pili akiwa na miaka mitatu alipata homa jioni. Nilimpeleka kituo kimoja, hawakumpima, nikaambiwa homa ya kawaida, mpe dawa ya kushusha. Usiku ikashuka kweli, nikafurahi. Alfajiri macho yakapanda juu, mkono na mguu wa kushoto vikawa vinaruka. Degedege. Alizinduka siku ya tatu baada ya sindano, leo yuko darasa la pili, namshukuru Mungu.

Ninachouliza, kama unavyosema moto ni wa mwili wenyewe, kwa nini madaktari wasimpe mtoto dawa kali ya kuzima inflamesheni, hizi steroidi wanazopewa wenye pumu? Siku ile ningekuwa najua ningeomba.


#11 Mpima Damu

Mama, pole na hongera. Jambo moja kabla ya yote: homa kushuka kwa parasetamoli haimaanishi chochote kuhusu vimelea. Ulinyamazishwa king'ora, wezi wakaendelea na kazi. Mtoto mwenye homa apimwe, ndani ya siku hiyo hiyo.

Swali lako waliwahi kuliuliza watafiti wakubwa, tena wakalijaribu. Thailand, 1982: wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria, nusu wakapewa deksamethasoni, steroidi kali, nusu wakapewa dawa bandia. Vifo havikupungua. Waliopewa steroidi walibaki bila fahamu kwa wastani wa saa 63, wenzao saa 47, na walipata matatizo mengi zaidi. Ni kinyume kabisa na matarajio.

Watu wakasema steroidi inazima kila kitu, tulenge TNF peke yake, kwa kuwa wagonjwa mahututi wanayo nyingi. Gambia, jaribio lililochapishwa 1996, watoto zaidi ya 600 wenye malaria ya ubongo. Karibu nusu yao walipewa kingamwili ya kuishika TNF. Homa ilishuka haraka. Vifo vilibaki palepale, na waliobaki na ulemavu wa neva wakawa wengi kuliko wasiopewa.

Mimi tafsiri yangu ni hii. Mtoto anapofika hospitali amezimia, saitokini zilishafanya kazi saa nyingi zilizopita. Mishipa midogo ya ubongo imebandikwa chembe zenye vimelea. TNF iliziambia kuta za mishipa ziote vishikizo zaidi, kwa hiyo chembe zikazidi kunata. Kuta zikaanza kuvuja. Kuzima king'ora wakati nyumba inaungua hakurudishi paa. Tena TNF hiyo hiyo na saitokini nyingine, interferoni gama, ndizo zinazowahimiza makrofaji kumeza vimelea, ukiziondoa unawanyang'anya silaha askari katikati ya mapigano. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi ni ubongo wa mtoto, lakini huwezi kumwondoa tembo mmoja tu ukadhani mwingine atatulia.

Mwaka 2015 zilichapishwa picha za MRI za watoto 168 wa Malawi wenye malaria ya ubongo. Walikufa 25, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba vibaya. Kwa waliopona, waliovimba hivyo walikuwa kama robo tu, na uvimbe wao ulishuka ndani ya siku chache. Anayekufa, mara nyingi ubongo umebanwa mpaka sehemu inayoendesha pumzi ikasimama.

Kilichookoa maisha kwa namba ni kumuua kimelea haraka. Jaribio la Afrika lililochapishwa 2010, watoto 5,425 katika nchi 9: sindano ya atesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini, dawa ya zamani. Sababu kubwa ni kwamba atesuneti inaua hata wale vichanga wa umbo la pete, kabla hawajafikia umri wa kujibandika.


#12 Mama Wawili

Nimeelewa. Kumbe nilikuwa nafurahia kimya cha king'ora.


#13 Chuma cha Reli

Sasa nani anajua dawa nzuri ya kuongeza kinga? Nasikia kuna vidonge na unga wa majani, ukitumia mwezi mmoja malaria haikusogelei.


#14 Mpima Damu

Ndugu yangu, umesoma uzi au umeingilia mlango wa nyuma?

Kinga si maji ya tangi kwamba yakipungua unajaza. Yule mgeni aliyepata malaria ya kumlaza hakukosa kinga, alikuwa nayo changa na yenye hasira. Kinachokosekana ni kinga inayomjua adui huyu, na hiyo hainunuliwi kwenye kopo.

Kitu cha karibu na unachotaka ni chanjo. RTS,S ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, R21 ikafuata Oktoba 2023, zote kwa watoto. Zinafundisha mwili kuishika protini ya juu ya kimelea akiwa njiani kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye ini, yaani wakati bado ni makumi, hajawa bilioni. Ulinzi wake si kamili na unapungua kadiri muda unavyokwenda, ndiyo maana kuna dozi ya nyongeza na chandarua kinabaki palepale.


#15 Jicho la Tatu

Niongeze kwa Chuma cha Reli: walio na "kinga ya kuzaliwa" wapo, ila si ya kununua pia. Mwenye jeni moja ya selimundu, siyo mbili, ana kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Anthony Allison aliieleza hiyo mwaka 1954. Na watu wasio na kipokezi cha Duffy kwenye chembe nyekundu, ambao ni wengi sana Afrika ya magharibi na kati, vivax humwia vigumu kuingia kwao. Huo si uhodari wa seli nyeupe. Ni kufuli tofauti mlangoni.


#16 Bintimaji

Na upungufu wa damu? Mdogo wangu alikuwa na malaria, wadudu wachache tu, lakini damu ilishuka mpaka akaongezewa. Hao wachache wamekula damu yote hiyo?


#17 Mpima Damu

Hawakula wao. Makadirio ni kwamba kwa kila chembe moja yenye kimelea inayoharibika, zinaondolewa kama nane zisizo na kimelea chochote. Zimechafuliwa na taka, zimebandikwa kingamwili na protini za komplimenti (alama za kinga za kusema "ondoa hii"), zimekuwa ngumu kidogo, na bandama iliyopandwa na hasira haichagui.

Upande wa kiwandani nako kumefungwa. Saitokini na hemozoini vinaubana uboho usitengeneze chembe mpya. Ini nalo, likiagizwa na interlukini-6, linatoa homoni ya hepsidini, inayofungia madini ya chuma ndani ya makrofaji na kuzuia utumbo kuyapokea. Ni mbinu ya zamani ya mwili kumnyima adui chuma. Ndiyo maana kumpa mtoto madini ya chuma katikati ya malaria si jambo la kujiamulia nyumbani. Utafiti wa Pemba uliochapishwa 2006 ulionyesha watoto waliopewa chuma na foliki asidi bila kujali hali yao, kulazwa na vifo viliongezeka badala ya kupungua. Tangu hapo mwongozo ni kwamba chuma kitolewe pale ambapo malaria inakingwa na kutibiwa.

Na hapo hapo kuna mtego mwingine. Hemu ikimwagika nyingi, mwili unatengeneza kimeng'enya cha kuivunja ili isiunguze. Inasaidia, lakini neutrofili, chembe nyeupe za kuua bakteria, wanapunguzwa makali, na bakteria kama Salmonela wanapata mwanya wa kuingia kwenye damu. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria na homa haiishi, mrudishe, usiseme "dawa feki".


#18 Mama Wawili

Na mimba? Ya kwanza niliugua sana, ya pili malaria ilinipitia mbali.


#19 Mpima Damu

Umejijibu. Kwenye kondo la nyuma kuna aina ya sukari ambayo kanzu moja tu ya kimelea, VAR2CSA, inaishika vizuri. Mwanamke aliyekulia kwenye malaria anaweza kuwa na kingamwili za kanzu kibao, lakini hiyo hajawahi kukutana nayo kwa kuwa hakuwa na kondo. Mimba ya kwanza vimelea vinajazana hapo, seli za kinga zinajazana kuvifuata, chakula cha mtoto kinapungua, anazaliwa na uzito mdogo. Mimba ya pili kingamwili zipo tayari. Hata hivyo dozi za kuzuia kliniki zinapewa mimba zote, usije ukaruka.


#20 Msafiri wa Usiku

Mkuu, la mwisho. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nianze dawa. Homa hakuna, nakula vizuri. Nikaenda kupima kwa kipimo cha haraka, kimetoa mistari miwili. Sijapona?


#21 Mpima Damu

Kipimo hicho cha mistari mara nyingi kinatafuta protini ya HRP2, ambayo falciparum huimwaga kwenye damu. Protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Omba slaidi isomwe kwa darubini, kisha utuletee jibu.


#22 Msafiri wa Usiku

Nimerudi. Wamesoma dakika kama ishirini. Karatasi imeandikwa hakuna vimelea vilivyoonekana. Chini yake mpimaji ameongeza kwa kalamu: "pigmenti kwenye monositi chache". Ndiyo yale masizi yako?


#23 Mpima Damu

Ndiyo hayo, ndugu. Ni ya vita vilivyopita, usinywe dozi nyingine kwa ajili yake. Homa ikirudi, hapo upime upya.